Vikombe Vikigongana

Nyumbani kwetu kulikuwa na vikombe vya aina mbili. Vya wageni vilikaa kabatini nyuma ya kioo, vizima, vimejaa vumbi. Vyetu vilipangwa kwenye trei jikoni, na karibu kila kimoja kilikuwa na pengo mdomoni. Bibi akiletewa chai katika kikombe chenye pengo, alikigeuza mkononi akanywea upande ulio mzima.

Ndiyo maana methali "Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana" naielewa kwa kuanzia jikoni. Watu huitumia kuwatuliza waliokorofishana, na wanafanya vema, kwani kinachovigonganisha vikombe ni ule ukaribu wenyewe. Mjerumani Arthur Schopenhauer naye aliliona hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1851 alisimulia nungunungu waliosogeleana kwa sababu ya baridi, wakachomana miiba, wakaachana, hadi wakapata umbali unaovumilika. Dawa yake ni umbali. Methali yetu haikisogezi kikombe hata kimoja. Yaviacha vigongane, na chai iendelee kunywewa.

Lakini ipo namna moja ya kuitumia inayoniuma. Mke anafika kwa wazee jicho limevimba, anaambiwa, "Vumilia mwanangu, vikombe ndivyo vilivyo." Hapana! Hebu tukisikilize kitenzi chenyewe. Kugongana ni kwa wawili: kila mmoja agonge, naye agongwe. Nyundo ikikishukia kikombe, nani atasema vimegongana? Ampigaye mwenzake ametoka nje ya methali, na anayeitamka mbele ya jicho lile amemgawia aliyepigwa nusu ya kosa lisilo lake.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, inataka kwa kawaida shauri la ndoa lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Naikubali busara hiyo, maana hasira nyingi hupoa zikipata wa kuzisikiliza. Ila msuluhishi aangalie kwanza nani ana jeraha na nani hana hata mkwaruzo, ndipo afungue kinywa.

Bibi, pamoja na kuyavumilia mapengo yote yale, kikombe chenye ufa uliofika chini hakukirudisha kwenye trei. Alikipeleka uani, akakitia udongo, akaotesha mrehani.