Hatua Isiyongoja Fikra: Mazoea na Hiari ya Mwanadamu

Swali la iwapo kitendo kinachoitangulia fikra kinaweza kuhesabiwa kuwa cha hiari ni la kale katika falsafa, nalo hujitokeza waziwazi katika futiboli ya Kimarekani, kwenye hatua ya kwanza ya mlinzi wa mstari wa mbele, yaani mchezaji anayewakabili washambuliaji ana kwa ana pale mpira unapoanzishwa. Mlinzi huyo huinama, mkono mmoja ukigusa nyasi, na nafasi inayoitenga mistari miwili haizidi urefu wa mpira wenyewe, takriban sentimita 28. Washambuliaji wamekwisha kukubaliana mpira uanzishwe kwa mwito upi, ilhali yeye hana ishara ya kutegemea ila mpira kutikisika. Akingoja kuamua, amekwisha kuchelewa.

Makocha husisitiza kwamba hatua hiyo iwe fupi na ielekee mbele, kiwiliwili kikibaki chini, ili mguu wa pili uwahi kutua na kuupa mwili msingi wa kuhimili kishindo. Kosa la kawaida ni mguu kurudi nyuma kwanza kutafuta nguvu, nalo haliondolewi kwa maelezo, kwa kuwa mchezaji anaweza kulifafanua kosa hilo barabara na bado mguu ukarudi. Ndivyo mwanafalsafa Gilbert Ryle, katika kitabu The Concept of Mind cha mwaka 1949, alivyotenganisha kujua kwamba jambo ni hivi na kujua namna ya kulitenda. Karne nyingi kabla yake, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuieleza tabia kuwa ni hali iliyokita nafsini, ambayo vitendo hutoka kwayo kwa wepesi pasipo kutafakari, na ambayo aghalabu hupatikana kwa mtu kujilazimisha mwanzoni.

Huenda ikadaiwa kwamba kisichotafakariwa hakina lawama. Hata hivyo, kiongozi wa mashambulizi anapoipaza sauti ghafla ili kumghilibu mlinzi, naye akachupa na kumgusa mpinzani kabla mpira haujaanzishwa, timu yake huadhibiwa yadi 5, wala hakuna refa anayepokea udhuru kwamba mguu ulijiendea wenyewe. Adhabu hiyo ni ya haki, kwa sababu mazoezini kocha hupiga kelele za uongo huku mpira ukiwa umetulia, mpaka mguu ujifunze kulitii jicho na kulipuuza sikio. Hatua iliyofunzwa hivyo imebeba ndani yake hukumu iliyokwisha kupitishwa, inayopambanua ishara ya kweli na ya hila.

Kwa hiyo hiari haifai kutafutwa katika nukta ya kutenda peke yake, bali pia katika muda mrefu ulioitengeneza nukta hiyo, na katika uwezo wa mtendaji kurudi nyuma, kuifumua hatua yake polepole na kuisuka upya. Maadamu uwezo huo upo, lawama na sifa za kitendo cha ghafla humstahiki mtendaji. Ukitoweka, mazoea huwa yamemtawala.