Glavu Jozi Moja
Gugu karoti halitishi kwa macho. Ni la jamii ya alizeti, majani kama ya karoti, maua meupe madogo kama mchele uliomwagika. Asili yake ni bara la Amerika. Siku hizi limejaa kandokando ya barabara za Arusha, hata pale jua lilipoua nyasi. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ukiushika mara kwa mara, ngozi huwasha na kutoka vipele.

Hayo niliyajua. Nilipokwenda kukusanya sampuli za uzamili nilikuwa na jozi moja ya glavu, nikazivaa mimi. Kijana niliyemlipa aling'oa kwa mikono mitupu siku tatu.

Najitetea kwamba alikubali, tena kwa furaha. Lakini alikubali nini, ikiwa nilichokijua mimi yeye hakukijua?

Wiki iliyofuata alinionyesha vidole, akicheka: "Dada, majani yako yana hasira."

Yangu! Nilimnunulia dawa ya kupaka. Rasimu ya tasnifu bado inasema wasaidizi wote walielezwa madhara. Sijaifuta hiyo sentensi.