Kiasi cha Baridi

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili moja ya Februari, nikiwa nimechutama kwenye balkoni nasoma kipimajoto. Nyuzi mbili juu ya sifuri.

"Shikamoo dada. Mbona sauti inatetemeka?"

Nikamwambia naangalia mzeituni wangu. Akacheka sana. Akasema Kamuli nzima inajua kwamba niko Uswidi nalea mti usiozaa.

Hakukosea. Mti huo niliununua miaka mitano iliyopita katika duka la maua hapa Göteborg, ukiwa unanifika kiunoni, ndani ya chungu cha plastiki. Nimekulia katika nyumba ambayo jina la mti huo lilitajwa kila Pasaka, Mlima wa Mizeituni, bila yeyote kati yetu kuwahi kuuona. Akilini mwangu ulikuwa mkubwa kama mvule. Kumbe ni mti wa majani membamba, ya kijivu kwa chini, na ule wangu ulikuwa umeegemea kijiti kama mgonjwa. Nikauhurumia, nikaulipia, nikapanda nao basi.

Majira ya baridi ya kwanza niliufanyia kile ambacho Mama angemfanyia mgeni aliyenyeshewa. Niliuingiza ndani na kuuweka karibu na hita, nyuzi ishirini na mbili usiku na mchana, nikaumwagilia kila nilipoukumbuka, na niliukumbuka mara nyingi. Disemba hapa jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Kufikia Januari mti ulikuwa umepukutisha nusu ya majani, ingawa ni mti usiopaswa kupukutisha. Vitawi vipya vilikuwa virefu, vyembamba, vimeinamia dirisha. Wadudu gamba walikuwa wamejipanga kwenye shina. Hakukuwa na dalili ya ua mwaka huo, wala uliofuata.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mstaafu mwenye mzeituni wa siku nyingi, alipanda kuuangalia. Alishika udongo, akashika hita, akasema, "Unauhurumia mno. Utoe nje."

Nje maana yake ilikuwa balkoni ya vioo, isiyo na hita, yenye mwanga wote unaopatikana. Alinieleza kwa utaratibu. Mzeituni unahitaji wiki kadhaa za ubaridi, chini ya nyuzi kumi hivi, ili yale macho madogo yaliyokaa pale jani linapoungana na tawi yageuke kuwa maua. Yasipoipata baridi hiyo, hubaki yamelala au huwa matawi tu. Mti uliokaa mwaka mzima sebuleni utakuwa na majani, lakini usiutegemee kwa matunda. Niliporudi ndani niliwaza jambo ambalo sijaacha kuliwaza: ukiuchukua mti huu ukaupanda Kamuli, karibu kabisa na ikweta, ambako hatujui jalidi wala theluji, yaelekea utaota vizuri, utarefuka, na hautazaa. Mahali nilipozaliwa mimi ndipo ambapo mti huu ungestarehe bila kuchanua.

Ni vigumu kupewa habari ya namna hiyo usitoe funzo. Na mimi nilikuwa na mtu wa kumpa.

Mdogo wangu ana miaka ishirini na saba. Anakaa nyumbani na Mama, kwenye kibanja cha migomba na mibuni alichotuachia Baba. Kwa miaka mitano nimetuma fedha kila mwezi. Nilimnunulia pikipiki ya bodaboda, akaiuza. Nilimpa mtaji wa duka, duka likafungwa kabla sijaliona hata kwenye picha. Marafiki zangu wa hapa, Watanzania wenzangu wenye wadogo zao, waliniambia jambo moja kwa maneno tofauti: acha kutuma, atajifunza. Maisha yatamkomaza. Sisi wenyewe nani alitubeba?

Kwa hiyo Jumapili ile, baada ya kicheko chake, nilimhubiria. Nilimweleza habari ya hita, majani yaliyopukutika, jirani. Nikamwambia kwamba kuna upendo unaomzuia mtu asichanue, na kwamba labda mimi nimekuwa hita yake. Nikamkumbusha kwamba hata mbuni wa nyumbani hauchanui mpaka upigwe na kiangazi kwanza: vichomozo hukaa vimefumba wakati wa ukame, mvua ya kwanza hushuka, na baada ya wiki moja au siku kumi shamba zima linakuwa jeupe na kunukia kama asmini. Nilijiona nimesema vizuri.

Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Dada, hiyo baridi yako wewe, nani alikuwa anaipima?"

Nikamjibu haraka kwamba hakuna. Nikamtajia bweni lenye kunguni, uji usio na sukari, safari za lori kwenye vumbi, mwaka wa kwanza hapa nilipokuwa nafagia ofisi usiku na kusoma asubuhi. Alisikiliza yote kwa adabu. Halafu akasema neno moja tu: "Butura."

Msomaji asiyetoka Kagera pengine hajawahi kulisikia. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua, au punje mbichi mtini. Mkulima mwenye shida ya haraka, ada, msiba au matibabu, humwendea mwenye fedha. Humpa kiasi kidogo, mbali sana na kile ambacho kahawa hiyo ingeleta, na msimu wa mavuno ukifika, mwenye fedha huja na magunia yake. Serikali imelipiga marufuku jambo hili mara nyingi. Lakini marufuku hailipi ada.

Baba alikula butura mwaka 2010, nilipokuwa kidato cha tano, na akaila tena 2011. Wakati huo hata wilaya ya Kyerwa haikuwapo, tulikuwa bado Karagwe. Nilijua. Nilijua kama unavyojua jambo lililosemwa jikoni ukiwa sebuleni. Ambacho sikuwahi kukiunganisha ni kwamba katika miaka hiyohiyo mdogo wangu alimaliza darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari, na hakukuwa na kahawa ya kumpeleka. Kahawa ilikuwa imeshakuwa ya mtu mwingine. Alikaa nyumbani mwaka mmoja, kisha miwili, na baadaye hakuna aliyeuliza tena. Baba amefariki. Hatuwezi kumuuliza alichagua vipi, au kama aliona kuwa anachagua.

Nilikaa na simu mkononi kwenye balkoni ile. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejisimulia kwamba nimezaa matunda kwa sababu ya baridi. Nilikuwa nimesahau kwamba kila nilipokaribia kuganda, kuna mtu alifungua mlango na kuniingiza ndani, na kwamba alilipa kwa maua ya wote. Mdogo wangu, niliyemwona kama mti wa sebuleni, ndiye aliyelala nje.

Sitaki kusema kwamba jirani yangu alikosea. Kuhusu mzeituni alisema kweli tupu. Lakini kuna kosa tunalolifanya tunapobeba ukweli wa mti kwenda kwa mtu, nami nililifanya, na nadhani wengi wa rika langu tuliosoma kwa shida tunalifanya. Tunaona ua, tunaona baridi iliyotangulia, tunasema baridi ni njema. Tunasahau kuuliza ni baridi ya kiasi gani, kwa muda gani, na nani ameshika mlango.

Mwaka 1956 kusini mwa Ufaransa, Januari ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na mizeituni ikaanza kuamka. Februari baridi ikashuka ghafla, sehemu nyingine hadi zaidi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, ikaendelea kwa wiki. Mamilioni ya miti ilikufa hadi usawa wa ardhi. Ilikuwa miti ileile, na baridi ileile kwa jina. Lakini baridi ile haikuleta maua, ilileta kuni. Wakulima wengi waliacha kabisa zeituni, wakapanda mizabibu. Wengine walikata mashina yaliyokufa na kusubiri kuona kama mizizi itachipua.

Tunapokusanyika kusimulia jinsi taabu ilivyotukomaza, ni miti iliyozaa ndiyo inayosimulia. Kuni hazialikwi kuhutubia mahafali. Kila mmoja wetu anamfahamu mtoto aliyekaa naye dawati moja, mwenye akili kuliko yeye, ambaye kiangazi kilimpata mwaka mbaya. Tukisema "mbona sisi tuliweza," tunamwambia mtoto huyo kwamba kasoro ilikuwa ndani yake.

Tena si kila mzeituni unadai theluji. Tuna ndugu yake wa porini hapa Afrika Mashariki, katika misitu ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Wamasai huuita oloirien, na hufukiza vibuyu vya maziwa kwa kuni zake. Huo huchanua na kuzaa vitunda vyake vidogo bila jirani yeyote kuutoa kwenye balkoni. Ukiuambia kwamba haujakomaa kwa sababu haujaganda, utakuwa umeutukana tu.

Hata hivyo siwezi kuitupa sehemu ya kweli. Hita iliudhuru mti wangu, na fedha zangu za kila mwezi zilikuwa na kitu cha hita ndani yake. Nilizituma bila kuuliza. Zilinipa mimi usingizi. Mtu akikutumia fedha miaka mitano asikuulize hata siku moja unataka kufanya nini, amekwambia kwamba hategemei kitu kutoka kwako, na hilo nalo ni aina ya kuachwa nje. Kumbe mtu anaweza kuwekwa sebuleni na kutelekezwa kwa wakati mmoja.

Nilichojifunza kwenye balkoni, kama kipo, ni kidogo. Baridi inayofaa ina masharti. Inakuja baada ya kiangazi ambacho mti ulilishwa vya kutosha. Mizizi inakingwa: mti mkubwa ulioko ardhini unaweza kuvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri kwa muda mfupi, lakini wa kwenye chungu mizizi yake iko karibu na hewa, ndiyo maana nimekizungushia chungu blanketi kuukuu. Kuna mtu anayesoma kipimajoto, na usiku wa hatari anauingiza ndani bila kujiuliza kama anaudekeza. Na majira ya joto yana uhakika wa kuja. Ukiyatoa hayo yote ukabakiza baridi peke yake, umemwacha mtu nje, basi. Usiite malezi.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilimpigia na kumuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miaka mitano nyuma. Alikuwa na jibu tayari, na hilo lilinichoma kuliko butura. Mibuni ya Baba ni mizee, alisema. Inatakiwa ikatwe chini ili ichipue upya, lakini ukikata unakaa misimu miwili au zaidi bila mavuno ya maana, na katika misimu hiyo ndipo mtu huingia butura. Ndiyo sababu hakuna anayekata. Pikipiki na duka vilikuwa mawazo yangu.

Tulikubaliana. Akate nusu ya shamba baada ya mavuno, na nusu nyingine itakapoanza kuzaa ile ya kwanza. Nitatuma fedha hadi hapo, kwa kiasi tulichokitaja wote wawili, na yeye atagharamia vibarua kutokana na ndizi. Baada ya hapo nitaacha. Huenda akashindwa. Huenda fedha zikaenda zilikoenda za pikipiki. Rafiki yangu mmoja ameniambia nimepumbazwa na hadithi nzuri kwenye simu, na siwezi kumthibitishia kuwa amekosea. Ninachojua ni kwamba fedha hizi si huruma, na nimeacha kuziita msaada. Kuna kahawa ya misimu miwili ambayo niliivaa, niliila na kuisomea, na sehemu yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Juni mzeituni ulichanua. Maua madogo, meupe yenye umanjano, ambayo usipoinama huyaoni. Mengi yalianguka. Zilibaki zeituni nne, na kufikia Oktoba zilikuwa bado za kijani, ngumu. Nikampigia picha, nikamtumia.

"Zinaliwa?" akaandika.

Nikamwambia bado. Zeituni ikitoka mtini ni chungu haitafuniki. Hukaa wiki nyingi kwenye maji ya chumvi ndipo ifae mdomoni.

Baada ya saa moja naye akatuma picha. Visiki vya mibuni, vimekatwa mshazari, safu baada ya safu hadi kwenye migomba. Nilipoikuza picha niliona, ubavuni mwa kisiki cha mbele, majani mawili madogo ya kijani yanayong'aa.

"Na hizi bado," aliandika.