DAWA IMERUDISHA MBEGU. NANI ATARUDISHA JINA LA MKEO?



Labda karatasi hii umepewa sokoni Lushoto, au stendi ya Soni, au uko Mombo unangoja gari la kupanda mlimani. Usiikunje haraka. Ina swali moja tu, na swali hilo si la wanamichezo peke yao: Mtu akiharibu kitu kwa siri, kisha akakitengeneza kwa siri, je, amemaliza?

Wengi watajibu, "Amemaliza bwana, si kimepona?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Tulitazame jambo lenyewe.

KIJANA ANAYETAKA KIFUA HARAKA

Kijana wa milimani akishuka Tanga au Dar es Salaam kutafuta maisha, hakawii kukutana na jimu. Kunyanyua vyuma si kosa, ni mazoezi mazuri. Lakini jimu nyingine zina mtu wa kumnong'oneza: "Utakula ugali na maharage mpaka lini? Piga sindano, miezi mitatu tu watu watakushangaa." Sindano hiyo ni steroidi, yaani homoni ya kiume iitwayo testosteroni, au ndugu zake waliotengenezwa maabara. Na misuli inatoka kweli! Mtego usio na chambo haunasi mtu.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Ubongo huiamuru tezi hiyo, nayo hutuma ujumbe kwenye korodani: tengenezeni homoni, tengenezeni mbegu. Ufananishe ubongo na mlinzi wa mfereji. Akiona shamba la bondeni limejaa maji, anafunga mlango wa mfereji, maana maji yametosha. Basi ukijidunga homoni ya nje, mlinzi anaona maji yamejaa tele. Hajui kwamba umeyaleta kwa ndoo! Anafunga mlango. Korodani zinakosa ujumbe, zinasinyaa, mbegu zinapungua, na kwa wengine zinaisha kabisa.

Kwa hiyo kijana akitembea njiani watu husema, "Huyu ndiye dume la mbegu." Kumbe ndani mfereji umekauka.

Akiacha sindano leo, mlinzi haamki kesho. Kwa wengi huchukua miezi. Kwa wengine hupita hata mwaka na zaidi, na wapo ambao mwili haurudi tena ulivyokuwa.

VIDONGE VYA AKINA MAMA

Hapo ndipo kijana anapoambiwa habari za klomifeni. Dawa hii ilibuniwa Marekani miaka ya 1950, na mwaka 1967 ikaruhusiwa huko kwa ajili ya wanawake ambao mayai yao hayapevuki. Inafanyaje kazi? Inauziba ubongo usiitambue homoni ya estrojeni, ambayo hata mwanamume anayo kidogo. Ubongo unadhani homoni zimepungua, unaiamuru pituitari ifanye kazi, na mlango wa mfereji unafunguliwa.

Ni dawa njema. Akina mama wengi duniani wamepakata watoto kwa sababu yake, na wengine wamepata mapacha. Madaktari huweza kumpa hata mwanamume ambaye homoni zake ziko chini, kwa vipimo na uangalizi. Mtu aliyeugua matubwitubwi akiwa kijana yakamshukia kwenye korodani, au aliyezaliwa na upungufu, huyo hana kesi ya kujibu. Aende hospitali kifua mbele. Karatasi hii haimsemi yeye.

Lakini wanamichezo waliotumia steroidi nao wameichukua dawa hii. Wakimaliza mzunguko wa sindano wanameza klomifeni kuuamsha mwili. Ndiyo maana Shirika la Dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, WADA, lililoundwa mwaka 1999, limeiweka kwenye orodha ya marufuku kwa wanaume na wanawake, siku za mashindano na siku zisizo za mashindano. Wengine hushangaa: dawa ya uzazi ina kosa gani uwanjani? Kosa ni kwamba kwa mwanamume inapandisha testosteroni, na kwa yule aliyejidunga ni daraja. Anaanguka shimoni, anavuka kwa daraja, anapumzika, kisha anarudi kuruka tena.

Mwaka 2016 wapiganaji wawili mashuhuri wa Marekani, Brock Lesnar na Jon Jones, walikuwa wapigane katika pambano moja kubwa la mwezi wa saba huko Las Vegas, kila mmoja na mpinzani wake. Wote wawili walikutwa na dawa hii hii. Jones aliondolewa kabla ya kupanda ulingoni. Lesnar alipigana akashinda, lakini majibu yalipotoka ushindi ulifutwa, akatozwa faini ya dola 250,000. Kila mmoja alifungiwa mwaka mzima. Ila waamuzi wa shauri la Jones walikubali kwamba alimeza kidonge kilichochanganyika na vitu asivyovijua. Wakamwadhibu kwa uzembe, si kwa kukusudia udanganyifu. Unaona? Dawa moja, lakini mkojo hauelezi nia ya mtu. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Nia yako unaijua wewe mwenyewe.

MANENO MAWILI YA WAZEE

Wazee wa Kisambaa wametuachia maneno mawili: kubana shi na kuzifya shi. Kubana shi ni kuiharibu nchi. Kuzifya shi ni kuiponya. Zamani za wafalme wa Kikilindi pale Vuga watu walimpima mtawala kwa maneno hayo. Mvua ikinyesha na chakula kikiwepo, nchi imeponywa. Njaa na fitina vikizidi, nchi imeharibiwa. Tazama jambo hili: nchi haikuhesabiwa imepona kwa sababu mfalme peke yake ameshiba. Ilipona watu wote walipopona.

Mkulima wa Lushoto analielewa hili bila kufundishwa. Ukifyeka mteremko na kulima kutoka juu kwenda chini, mvua ikija udongo wako unashuka kwa jirani wa bondeni, unafunika kabichi zake na kuziba mfereji wake. Mwaka 1981 ulipoanza mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko, watu walipanda miti na majani kwa kukingama mteremko, na ng'ombe wakafugwa zizini. Mashamba mengi yakapata nguvu. Lakini je, ukiweka makinga shambani kwako, kabichi za jirani zilizofukiwa mwaka jana zimefufuka? Hapana! Shamba lako limepona. Deni lako liko pale pale.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. KUPONA NI KITU KIMOJA, KULIPA NI KITU KINGINE. Klomifeni inaweza kukurudishia ulichojiharibia. Haiwezi kumrudishia mwenzako ulichomchukulia.

NI NANI UNAWADAI MSAMAHA?

1. Mkeo. Tuseme wazi. Kwetu ndoa ikikaa miaka miwili bila mtoto, nani anaulizwa kwanza? Ni mwanamke. Mama mkwe ananuna, wifi anapiga mafumbo, majirani wanamwita tasa. Anapelekwa kwa mganga huyu, anapewa mizizi na yule. Na wewe umekaa kimya, kifua kimejaa, unajua kabisa ulijidunga nini Dar es Salaam! Kisha unameza vidonge kwa siri, mbegu zinarudi, mtoto anazaliwa, watu wanashangilia. Wanasema nini? "Afadhali yule mwanamke amepona." Amepona nini? Hakuwa mgonjwa! Dawa imekurudishia mbegu, lakini jina la tasa alilolibeba miaka yote hiyo hakuna kidonge kinacholifuta. Atakayelifuta ni wewe, kwa kinywa chako.

2. Uliyemshinda. Tarehe 15 Septemba 2025 Mtanzania Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na waliachana kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde moja. Baada ya kilomita 42! Sasa fikiria mashindano mengine, ambapo mtu amepita mwenzake kwa nguvu ya sindano kwa kiasi hicho tu. Aliyepitwa amekosa medali, amekosa zawadi, pengine ada ya mtoto wake ilikuwa humo. Mwizi akiamsha homoni zake baadaye, ada ile imerudi?

3. Mdogo wako anayekuangalia. Amekuona umerudi Mlalo au Bumbuli na mabega mapana. Hakuona sindano, ameona mabega tu. Akikuuliza unasema, "Mazoezi, dogo." Naye atafanya mazoezi, hayatatoka kama yako, ataona ana kasoro, atatafuta, na atampata yule mnong'onezaji. Uongo wako umemtengenezea njia.

"LAKINI MWILI NI WANGU"

Utasema hivyo, najua. Ni wako, ndiyo. Hata shamba la mteremko lina mwenyewe. Lakini udongo ukishuka, hauulizi mpaka uko wapi.

Mwingine atasema jambo zito zaidi: "Nikikiri nitaleta aibu. Ndoa itavunjika, watu watanicheka. Si heri kunyamaza, maadamu mtoto amepatikana?" Hoja hii tusiidharau, maana ukweli unaweza kuumiza nyumba. Wala hakuna anayekulazimisha upande kwenye jukwaa na kipaza sauti. Kijiji kizima hakikudai. Lakini mkeo anakudai. Unasema unailinda ndoa, na anayelipia ulinzi huo ni nani? Ni yeye, kila siku, kisimani na jikoni. Amani inayonunuliwa kwa jina la mtu mwingine ni amani ya nani?

Kuna kanuni moja rahisi: ukweli ufike kule uongo ulikofika. Kama siri ilikuwa chumbani tu, iseme chumbani. Lakini kama mkeo alisemwa mbele ya wazee wa ukoo nawe ukainama kimya, basi jina lililochafuliwa barazani halisafishwi chumbani. Waite wazee wale wale. Sema, "Mama, wifi zake mliopo, kasoro ilikuwa kwangu." Maneno hayo hayazidi nusu dakika, lakini ni mazito kuliko vyuma vyote ulivyonyanyua.

Inawezekana? Inawezekana. Mwaka 2012 mkimbiaji wa Kenya Mathew Kisorio alipimwa kwenye mashindano ya taifa akakutwa na steroidi. Hakuzungushazungusha maneno. Alikubali kwamba alitumia, akaeleza hadharani jinsi alivyoipata. Alifungiwa miaka miwili, na aibu aliionja. Lakini alipomaliza adhabu alirudi barabarani akakimbia tena mbele ya watu, hana siri ya kufukiza. Na katika Biblia, Zakayo wa Yeriko hakuishia kusema ameacha kudhulumu. Aliahidi kurudisha mara nne. Angeweza kutubu kimyakimya na mali akabaki nayo, akalala vizuri. Lakini waliodhulumiwa wangelala njaa.

UFANYE NINI LEO?

Kama unajidunga, acha. Lakini usiache ukajitibu mwenyewe kwa vidonge vya kununua mkononi kwa mtu. Dawa hii inaweza kuvuruga macho na hisia, na dozi si jambo la kubahatisha. Nenda hospitali, mwambie daktari kila kitu, maana naye huwezi kumtibisha uongo. Mkipima uzazi, pimeni wote wawili, mume na mke, wala usimtangulize mwanamke peke yake. Kama unashindana michezoni, fahamu kwamba hata dawa uliyoandikiwa na daktari yahitaji kibali maalumu kabla hujaitumia.

Kisha fanya lile ambalo daktari hawezi kukufanyia. Kaa na mkeo leo usiku, taa ikiwa inawaka. Usianze na visingizio. Anza na neno "mimi".

Je, atakusamehe? Huenda akalia. Huenda akakaa siku nyingi bila kusema nawe. Hiyo ni haki yake, usimharakishe. Makinga ya shamba hayaleti mavuno kesho yake. Lakini udongo unaanza kutulia siku ile ile ulipoacha kuuteremsha kwa jirani.

Kubana shi, kuzifya shi. Nchi ya kwanza uliyopewa kuiponya si Usambara nzima, ni nyumba yako. Usiseme imepona kwa sababu wewe umeshiba.

Ukimaliza kusoma usitupe karatasi hii. Mpe mwenzako.