Mwamba Juu ya Barafu

Upande wa kusini kabisa wa dunia, katika bara la Antaktika, barafu imefunika karibu nchi yote, na unene wake kwa wastani ni kama kilomita 2. Hata milima imezikwa humo, isipokuwa vilele vichache vya mwamba vinavyochomoza juu ya weupe ule. Kimoja chaitwa Svarthamaren, nacho ki mbali na bahari kiasi cha kilomita 200.

Hapo hapana mti wala shamba. Hata hivyo, kila kiangazi cha huko, maelfu ya ndege wa baharini huja kutaga juu ya mawe yake, kila jike yai moja tu. Chakula kiko baharini. Basi mmoja huenda kukitafuta, mwenziwe hubaki akiliatamia yai, kisha hupokezana. Mwamba hauwapi chakula. Wawapa mahali pa kurudi.

Wakristo wa Tunduma watatuelewa upesi. Mpakani pale, mkabala na Nakonde ya Zambia, malori hupanga foleni ndefu, na baba wengi huenda Lusaka, hata Kongo, wakakaa majuma mengi mbali na nyumbani. Akina mama nao huvuka kwa biashara. Hatuwalaumu, maana watoto hawana budi kula. Lakini barafu ya njiani twaijua: pombe, nyumba ya pili, simu isiyopokewa. Haiifuniki nyumba kwa siku moja. Hupanda kidogo kidogo, hata mwamba usionekane tena.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, Bwana wetu alimsifu mwenye busara aliyejenga juu ya mwamba. Hakumwahidi kwamba mvua haitanyesha. Vivyo hivyo ahadi ya ndoa mliyoitoa mbele ya altare haikuondoa safari wala ukata. Iliwapa mahali pa kusimama.

Basi twawasihi. Baba, kabla ya kuwasha lori, sali pamoja na jamaa yako, taja siku ya kurudi, uishike. Mama, usimfundishe mtoto kumdharau asiyekuwapo. Fedha ya safari ihesabiwe na wote wawili. Nanyi majirani, mkiona nyumba imebaki na mmoja, pigeni hodi.

Kinda juu ya mwamba halijui ukubwa wa bahari. Lajua tu kama aliyeondoka amerudi.