Breki Njema ni Ipi?

Mtu aliyefundisha kwa miaka mingi huzoea kuulizwa maswali ambayo majibu yake anayo tayari mfukoni. Labda ndiyo sababu swali alilonitupia mwanangu wa pili, jioni moja ya Oktoba 2018, lilinikuta sina la kusema. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea Ujerumani, katika mji wa Köln, anakofanya kazi na kuishi pamoja na mkewe na binti yao aliyekuwa na miaka sita. Tulikuwa jikoni baada ya chakula. Mezani aliweka maboksi mawili madogo, mazito kuliko yalivyoonekana, na ndani ya kila boksi mlikuwa na pedi za breki. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, kwa maoni yako, breki njema ni ipi?"

Nilidhani ananitania. Mimi si fundi wa magari. Lakini alipoanza kunieleza, niliona kwamba kijana alikuwa na tatizo la kweli, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyotambua kwamba tatizo hilo nililijua tangu zamani, tena kwa namna ambayo sikupenda kuikumbuka.

Mwanangu ana mapenzi na mbio za magari. Mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kutoka Köln, katika milima ya Eifel, upo uwanja uitwao Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927. Mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70, na kati ya sehemu yake ya chini na ya juu pana tofauti ya mita zipatazo 300. Dereva Jackie Stewart aliupa jina la Jehanamu ya Kijani. Mwaka 1976 Niki Lauda aliungua vibaya hapo, na tangu mwaka huo mashindano ya Formula 1 hayajarudi katika mzunguko ule mrefu. Ajabu ni kwamba katika siku maalumu mwananchi yeyote mwenye leseni na gari la kawaida anaweza kulipa kiingilio na kuzunguka. Siku hizo uwanja huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za barabarani hutumika kama kwingineko.

Mwanangu hakuwa na gari la mashindano. Alikuwa na gari moja tu. Gari hilo ndilo lililompeleka kazini, ndilo mkewe alilotumia kwenda sokoni, na ndilo lililompeleka mjukuu wangu shule kila asubuhi. Jumapili chache kwa mwaka, gari hilohilo lilikwenda Eifel. Hapo ndipo swali la breki lilipoanzia.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana bila kuelewa kazi ya breki hatutaelewa swali lenyewe. Breki haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Gari la tani moja na nusu linalokwenda kilomita 200 kwa saa likisimamishwa kabisa, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita saba hivi za maji ya kawaida. Likisimamishwa mara tatu, umekwisha chemsha debe zima. Joto lote hilo hupita katika pedi na diski zake, vitu ambavyo mtu anaweza kuvibeba kwa mikono miwili. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo yule aendaye kilomita 100 kwa saa akiwa njiani kwenda kazini huzipa breki zake robo tu ya mzigo huo, kisha huzipumzisha hadi zipoe. Wa uwanjani hukanyaga, akakata kona, akaongeza mwendo, akakanyaga tena kabla joto la kwanza halijatoka.

Pedi za gari la kawaida zimetengenezwa zishike tangu zikiwa baridi. Lakini zikizidiwa na joto, labda nyuzi 300 au 400 kutegemea aina, gundi inayoshikanisha unga wake huanza kuungua na kutoa gesi. Mguu unakanyaga kwa nguvu zote na gari linaendelea kwenda. Pedi za uwanjani huvumilia nyuzi 600 au 700 bila kulegea. Lakini zikiwa baridi hushika kwa uvivu, hupiga kelele, na hula diski. Mafuta ya breki nayo yana mpaka wake. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakikaa na kunyonya unyevu wa hewa, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedeli huzama hadi sakafuni kama mguu uliokanyaga tope.

Basi boksi moja lilikuwa na pedi za kawaida, na la pili za uwanjani. "Za kwanza," mwanangu alisema, "zinaweza kunitupa mkono mzunguko wa pili. Za pili hazitanitupa kamwe."

"Kamwe?" nilimwuliza.

Alicheka kidogo. "Zikishapata moto, Baba."

"Na Jumatatu asubuhi, ukimpeleka mtoto shule, zitakuwa zimepata moto?"

Hakujibu. Nami sikuendelea, kwa sababu sauti niliyoisikia kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mwingine, aliyeniambia maneno ya namna hiyo miaka 31 kabla ya jioni ile.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari katika milima ya Usambara. Miaka ile spea zilikuwa adimu na fedha za shule zilikuwa chache. Tulikuwa na lori moja la tani saba, na dereva mmoja, mtu mzima kunishinda, mpole, ambaye kila asubuhi alilizunguka lori lake akiligusa kama mfugaji agusavyo ng'ombe. Lainingi za breki zilikwisha. Mfanyabiashara mmoja akatuletea za bei nafuu, nami nikatia sahihi. Dereva alizipokea, akazigeuzageuza, kisha akaja ofisini kofia mkononi.

"Mwalimu Mkuu," aliniambia, "hizi ni lainingi za mtu wa Tanga mjini. Kule ni tambarare. Sisi tunashuka mlima."

Nilimjibu kwamba hela hakuna, tutumie hizo muhula ule, muhula ujao tutaona. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akatoka.

Wiki ya tano lori lilikuwa linateremka barabara ya Lushoto kwenda Mombo likiwa na wanafunzi 31 waliokuwa wakienda michezoni. Njia ile ni kilomita 30 na ushei za kona na mteremko. Alitumia gia ya pili kama inavyompasa dereva wa milimani, lakini mzigo ulikuwa mzito. Chini ya Soni breki zilitoa harufu, kisha hazikushika tena. Alilikwaruza lori ukutani mwa mlima, upande wa pili wa bonde, hadi likasimama. Wanafunzi wawili walivunjika mikono. Yeye alivunjika mguu, na hadi mwisho wa maisha yake alitembea akiuburuza.

Taarifa ilipoandikwa, ilisema kwamba gari lilipata hitilafu na kwamba dereva "huenda alizidisha mwendo". Niliisoma. Nilijua kwamba hakuzidisha mwendo. Nilijua pia kulikuwa na sahihi ya nani chini ya karatasi ya manunuzi. Nilinyamaza. Yeye naye, ambaye angeweza kusema, hakusema. Aliacha kazi akarudi kwao. Alifariki mwaka 2009, na mpaka siku hiyo sikuwa nimekwenda kumtamkia neno.

Usiku ule jikoni nilimsimulia mwanangu habari hii kwa mara ya kwanza. Alilijua lori, alimjua dereva, hata alimkumbuka akichechemea. Kisa chenyewe hakukijua.

Tangu hapo nimelifikiria sana swali lake, na sasa naamini limekaa vibaya tangu mwanzo. Hakuna breki njema, kama vile hakuna mwalimu mwema wa kila darasa wala dawa njema ya kila mgonjwa. Lainingi zile za bei nafuu hazikuwa mbovu. Zingemfaa mtu wa tambarare kwa miaka. Pedi za uwanjani si mbovu, na za kawaida si mbovu. Ubaya huzaliwa pale mtu anapochagua kwa kutazama mahali pamoja, kisha chombo kikatumika mahali pengine. Mimi nilichagua nikitazama daftari la mahesabu. Mwanangu alitaka kuchagua akitazama Jumapili tano au sita za furaha yake.

Lakini lipo jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Breki huchaguliwa na mtu aliyetulia, kwenye kiti, akiwa na kikombe cha chai. Hukanyagwa na mtu aliye katika hatari, mara nyingi si yuleyule. Kule Usambara aliyechagua ni mimi. Aliyekanyaga ni yeye. Pale Köln aliyekuwa anachagua ni mwanangu, na ambaye angekanyaga asubuhi ya baridi mbele ya kivuko cha watoto ni mkewe, ambaye hakuwahi kuomba kupelekwa Nürburgring. Naye mjukuu wangu, aliyefungwa mkanda kiti cha nyuma, hakuulizwa lolote. Mwenye kuchagua hana haki ya kuipima hatari kwa kipimo cha ujasiri wake mwenyewe. Aipime kwa kipimo cha yule asiyekuwapo wakati wa kuchagua.

Najua jibu la vijana: mtu ana haki ya kuhatarisha maisha yake. Sikatai, maana hata kupanda mnazi ni hatari. Lakini katika uwanja ule wa Eifel huzunguki peke yako. Nyuma yako yupo dereva mwingine, mbele yako yupo mgeni asiyejua kona inayofuata. Na wapo watakaosema basi achukue aina ya katikati, amalize ubishi. Hilo huweza kuwa jibu jema, ila tusijidanganye: la katikati nalo lina mpaka, na anayelichukua hana budi kuujua. Hata sheria ya kule imelifikiria jambo hili. Kanuni ya Ulaya iitwayo R90 hudai kwamba pedi za kubadilishia zisitofautiane mno na zile gari lilizozaliwa nazo katika kushika, nazo pedi nyingi za uwanjani hazina kibali hicho. Zamani ningeiita kanuni hiyo urasimu. Sasa naiona kama sauti ya yule asiyekuwapo mezani.

Kuna mwanamke mmoja ambaye nimemheshimu tangu niliposoma habari zake. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari alilolibuni mumewe, Carl, akaenda nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita zaidi ya 100, safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa gari. Njiani aliona mbao za breki zinalika katika miteremko. Akamtafuta fundi viatu, akamwambia azigongelee ngozi. Hivyo ndivyo lainingi ya breki ilivyozaliwa, kwa mujibu wa wasimulizi wa historia ya magari. Mimi huvutwa na jambo dogo katika kisa hicho: ndani ya gari alikuwa na wanawe wawili. Alitengeneza breki kwa ajili ya mteremko uliokuwa mbele yake na watoto waliokuwa kando yake. Dereva wangu alinitaka nifanye hivyohivyo, na mimi nilimwambia muhula ujao.

Mwanangu alifanya nini? Kesho yake alirudisha boksi la pili dukani. Alifunga pedi zenye kibali, akabadilisha mafuta ya breki yote, akajiwekea amri: mzunguko mmoja, tena si wa kasi ya mwisho, kisha apumzishe gari mpaka breki zipoe. Niliposema kwamba raha yake imepungua, aliniambia, "Baba, asiyeweza kubadilisha breki abadilishe mwendo." Nilimfundisha mengi kijana huyu, lakini hilo alinifundisha yeye.

Jumatatu iliyofuata nilikaa kiti cha mbele, mjukuu nyuma. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi. Kwenye makutano ya kwanza mtoto mwenye begi la shule alikatiza barabara bila kutazama. Mkwe wangu alikanyaga, gari likasimama, mtoto akapita. Mkwe wangu aliendelea na mazungumzo yake kana kwamba hapakutokea kitu, na kweli hapakutokea kitu.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa watoto wa dereva wangu, nikawaeleza habari ya ile sahihi. Mkubwa wao alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya, kisha akasema, "Marehemu alituambia, Mwalimu. Alisema ipo siku utakuja." Nimechelewa miaka 32. Naandika haya ili mwingine, mwenye karatasi ya kutia sahihi mbele yake leo, ainue kwanza macho amtazame aliyesimama mlangoni na kofia mkononi.