Nani Atangulie, Nani Afuate?

Vijana wa siku hizi wana mchezo ambao sisi wazee hatukuujua utotoni. Huvaa viatu vyenye magurudumu madogo yaliyopangwa mstari mmoja chini ya soli, wakateleza juu ya lami kwa mwendo wa kushangaza. Mchezo huu unaonekana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na huko Berlin, Ujerumani, kuna mbio zake za kilomita 42 na ushei, zinazofanyika siku moja kabla ya mbio za miguu. Kwetu Tabora mchanga ni mwingi kuliko lami. Hata hivyo, namna wanamichezo hao wanavyofanya mazoezi inaleta swali linalotuhusu sana sisi Wakristo.

Hawaendi kila mtu peke yake. Hujipanga safu, mmoja nyuma ya mwenzake, karibu karibu, wameinama, wakipiga hatua kwa pamoja. Sababu yake ni upepo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo unaomzuia mtu huzidi mara nne. Aliye mbele ndiye anayeupasua. Walio nyuma hupita katika kivuli chake na kuokoa nguvu nyingi. Waendesha baiskeli nao wanalijua jambo hili. Basi baada ya muda wa mbele hujitenga kando, akaiacha safu impite, akashika mkia apumzike, na wa pili akachukua nafasi yake. Huyo mpya haruhusiwi kuchomoka kwa kasi ya kujionyesha, maana safu itakatika na walio dhaifu wataachwa. Tena wa mbele ndiye anayeonyesha kwa mkono mashimo na mawe, kwa kuwa mmoja akianguka huwaangusha wote.

Hapo ndipo penye swali letu. Je, yule anayekaa nyuma anaiba jasho la mwenzake? Na mwenye nguvu, kwa nini asiende zake akafika mapema?

Tumkumbuke Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alitangulia tangu mwanzo wa mbio za meta 1,500 na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata, John Walker, naye aliipita rekodi ya zamani siku ile ile. Bayi hakupungukiwa na kitu kwa kuwa Walker alimfuata. Mwendo wa mmoja uliwavuta wengine, na ushindi ukabaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo kumfuata mwenzako si wizi. Wizi ni kukubali kivuli siku zote huku una nguvu, na zamu yako ikifika ukajifanya mgonjwa.

Wazee wetu Wanyamwezi waliijua safu kabla ya viatu vya magurudumu. Misafara iliyopita hapa kati ya pwani na Ujiji iliongozwa na kirangozi aliyechukua bendera. Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini. Wapagazi walibeba karibu kilo 30 kila mmoja, na mzigo usiogawanyika ulifungwa kwenye mti ukachukuliwa na watu wawili. Mwendo wa safari uliamuliwa na mwendo ambao watu wenye mizigo waliuweza.

Lakini tusiisifu safu bila kupambanua. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo shingoni, nao pia walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kwa hatua moja. Kwa mbali jicho lingeweza kuziona safu mbili zinafanana. Tofauti ni kwamba katika moja mtu alikuwa na mapatano na ujira, na katika nyingine alikuwa mali. Umoja wa kulazimishwa hauwi wema kwa sababu tu umenyooka.

Twaja sasa kwenye jambo gumu. Kanuni ya zamu ni haki, lakini yamtosha nani? Yawatosha wenye nguvu tu. Vipi mgonjwa, kikongwe, mlemavu, ambao zamu yao ya kutangulia haitafika kamwe?

Jibu moja lilipita hapa hapa Unyanyembe. David Livingstone alifariki kwa Chitambo mwaka 1873. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, wanawake pia wakiwamo, waliukausha mwili wake wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba walifika hapa wakamkuta Cameron, Mwingereza, akawashauri wauzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Yule waliyembeba asingeweza tena kuwapokea zamu wala kuwalipa. Alipozikwa London tarehe 18 Aprili, Wainwright alikuwapo, lakini Susi na Chuma hawakuwapo. Hiyo si haki ya zamu tena. Huo ni upendo, nao huanza pale hesabu ya zamu inapokoma.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anatuagiza tuchukuliane mizigo. Mistari michache mbele anasema kila mtu ana mzigo wake mwenyewe. Wengine huona anajipinga. La hasha. Mwenye nguvu anaambiwa asikimbie zamu yake, na asiye na nguvu anaambiwa asiogope kubebwa.

Sisi tuliofundisha walimu tulizoea kuwaambia kwamba darasa halipimwi kwa mtoto mmoja hodari. Wengine walituuliza kama si dhuluma kumchelewesha hodari. Swali lao lilikuwa la haki, na jibu ni kwamba apewe kazi ya mbele: awaelekeze wenzake. Atajifunza zaidi, nao hawataachwa.

Basi tuyatazame mitaa yetu ya kanisa. Wanaofagia, wanaotembelea wagonjwa, wanaoshika hesabu za sadaka, mara nyingi ni wale wale watano au sita, mwaka baada ya mwaka, wakipigwa na upepo hadi wachoke na kunung'unika. Nyuma yao wapo wenye afya na nafasi. Pia wapo viongozi wanaoshika mbele na hawataki kupisha, wakidhani nafasi ile ni heshima yao, kumbe ni mzigo wa kupokezana. Na majumbani wapo wazee wasioweza tena kufika ibadani, wala hakuna anayewapelekea Meza ya Bwana.

Kabla ya mkutano ujao wa halmashauri ya kanisa, kila mmoja wetu ajiulize: zamu yangu imefika? Zamu yangu imekwisha, nimpishe mwingine? Na ni nani katika mtaa wetu ambaye hana zamu, naye anangoja kubebwa?